Msimu Uliochelewa: Katuni ya Ubongo Kids na Historia ya Hadhira katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, 1994–2023

Ikisiri

Insha hii inachunguza nafasi ya msimu wa kwanza wa katuni ya Ubongo Kids, ulioanza kurushwa na TBC1 Januari 2014, katika historia ya utangazaji ya wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera. Hoja inayotetewa ni kwamba ratiba ya kituo cha televisheni haitoshi kuwa kipimo cha historia ya hadhira. Kilichorushwa Dar es Salaam kwa tarehe moja kilipokelewa pembezoni kwa tarehe nyingi, kwa kufuata njia ya umeme, king'amuzi, simu na lugha. Insha inaonesha kuwa umbo la katuni huiwezesha kuvumilia ucheleweshaji huo, kwa sababu wahusika wake hawazeeki. Mtoto anayeisubiri hana uvumilivu huo, kwa kuwa umri wake hausimami. Kwa msingi huo, inapendekezwa kwamba ucheleweshaji uhesabiwe kuwa tukio la kihistoria lenye uzito wake, badala ya kuachwa kama pengo kati ya matukio.

1.0 Utangulizi

Historia ya televisheni nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kutoka upande wa mrushaji. Simulizi huanza na Zanzibar, iliyopata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha huvuka bahari hadi Tanzania Bara, ambako uamuzi wa kisiasa na kiuchumi uliahirisha chombo hicho kwa takribani miongo miwili. Baada ya Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa sekta binafsi, vituo vya ITV, DTV na CTN vilianza kuonekana mwaka 1994. Televisheni ya serikali ilifuata baadaye, nayo hatimaye ikawa sehemu ya Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC). Mpangilio huu wa matukio ni sahihi, na insha hii haukusudii kuukanusha. Udhaifu wake ni kwamba humfanya msomaji aamini kuwa kitu kilichorushwa ni kitu kilichopokelewa.

Wilaya za Ngara na Biharamulo zinafaa kwa kuupima udhaifu huo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia inayounganisha Bukoba, Kahama na Kigoma kupitia njiapanda ya Nyakanazi. Zote mbili ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2012, iliyofanyika mwaka mmoja na nusu kabla ya msimu unaojadiliwa hapa, iliorodhesha watu 320,056 wilayani Ngara na 323,486 wilayani Biharamulo. Jumla ni watu 643,542, yaani zaidi ya robo ya wakazi wote wa Mkoa wa Kagera, waliokuwa 2,458,023. Idadi hiyo haiwezi kuitwa ukingo mdogo wa hadhira ya taifa.

Swali linaloongoza insha hii ni jepesi kulitamka: msimu wa kwanza wa katuni ya kwanza ya elimu ya Kiswahili kupata umaarufu mpana uliwafikia lini watoto wa wilaya hizi? Jibu linatafutwa kwa kusoma kwa pamoja kumbukumbu ambazo kwa kawaida husomwa mbalimbali: historia ya utangazaji, takwimu za sensa, miradi ya umeme na tafiti zilizochapishwa kuhusu matokeo ya vipindi vya watoto. Sehemu ya pili inafafanua dhana. Sehemu ya tatu inarejea kwenye zama za redio. Sehemu ya nne hadi ya sita zinafuatilia msimu wenyewe, nishati iliyouhitajika na lugha yake. Sehemu ya saba inajadili hoja pinzani kabla ya hitimisho.

2.0 Msimu, katuni na familia: ufafanuzi wa dhana

Neno msimu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi. Msimu ulikuwa wakati wa pepo: kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha. Kutoka baharini neno lilihamia shambani, na kwa mkulima wa Kagera msimu ni mvua za vuli zinazoanza mwishoni mwa mwaka, masika yanayofika kati ya Machi na Mei, na kiangazi kinachofuata. Katika matumizi yote mawili, msimu ni wakati unaomfika kila mtu wa eneo moja kwa pamoja. Hakuna nyumba inayopata kaskazi mwaka 2014 na jirani yake akaipata mwaka 2019.

Televisheni ilichukua neno hilo na kulipa maana nyingine. Nchini Marekani, ambako utaratibu huu ulikomaa, msimu wa vipindi huanza Septemba na kumalizika Mei, na kila mfululizo huhesabiwa kwa misimu yake. Maana hiyo ilipoingia katika Kiswahili cha utangazaji, ilibeba dhana iliyofichika kwamba watazamaji wote wamo ndani ya wakati mmoja. Dhana hiyo inawezekana pale ambapo umeme, mtambo wa kurushia na chombo cha kupokelea vimekwisha kuwa vitu vya kawaida. Pale ambapo havijawa hivyo, msimu wa televisheni haufanani na msimu wa mvua.

Neno katuni nalo lina historia yake. Kwa wasomaji wengi wa Tanzania, katuni ilikuwa mchoro wa gazeti kabla ya kuwa picha inayotembea. Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru kuanzia mwaka 1967, aliwachekesha wasomaji kwa vituko vya mtu wa kawaida mbele ya maisha mapya ya mjini na ya siasa. Baadhi ya waandishi hupendelea neno vibonzo. Insha hii inatumia katuni kwa michoro ya aina zote mbili, kwa kuwa ndilo neno linalotumika zaidi katika mazungumzo ya kila siku.

Katuni ya familia, kama tanzu ya televisheni, ina sifa moja yenye umuhimu wa pekee kwa mwanahistoria. The Simpsons, iliyobuniwa na Matt Groening na kuanza kurushwa kama kipindi kamili tarehe 17 Desemba 1989, imeendelea kwa zaidi ya miongo mitatu huku Bart akibaki na umri wa miaka kumi, Lisa minane, na Maggie akiwa bado mtoto mchanga. Waigizaji wa tamthilia ya kawaida hukua, huzeeka au huondoka. Mchoro hubaki ulivyo. Kwa sababu hiyo sehemu nyingi za katuni ya familia zinaweza kutazamwa bila kufuata mpangilio. Mtazamaji anayeanza na msimu wa tano hapotei, kwa sababu mwisho wa kila sehemu familia hurudi sebuleni kama ilivyokuwa. Sifa hiyo itarejelewa katika sehemu ya nne na ya nane, kwa kuwa ndiyo inayoeleza jinsi msimu unavyoweza kuchelewa bila kuharibika.

3.0 Redio kabla ya picha

Katika wilaya hizi, familia ya kubuni iliingia nyumbani kwa sauti kabla ya kuingia kwa picha. Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Mchezo huo ulimfuata Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani, na mkewe Tunu, aliyelazimika kujitafutia njia ya maisha. Ulikuwa na vichekesho, ugomvi wa nyumbani na mafunzo, na ulisikika kwa miaka mingi.

Mchezo huo unatajwa hapa kwa sababu ya mbinu ya utafiti iliyouzunguka. Watafiti, akiwamo Everett Rogers na Peter Vaughan, walipanga eneo la Dodoma lisipokee mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili liwe eneo la ulinganisho. Mwaka 1995 nalo likaanza kuupokea. Kwa mpango huo, kutosikia kwa Dodoma kuliamuliwa, kuliandikwa, kulipimwa na kukomeshwa kwa tarehe inayojulikana. Ni mfano adimu wa ucheleweshaji wa hadhira wenye kumbukumbu kamili.

Wakati huohuo Ngara ilikuwa ikipita katika tukio kubwa kuliko mchezo wowote wa redio. Mwishoni mwa Aprili 1994, takribani watu 250,000 waliokuwa wakikimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa ishirini na nne. Kambi ya Benaco ikawa kwa haraka miongoni mwa makazi makubwa zaidi ya wakimbizi duniani. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996. Wakimbizi wa Burundi waliendelea kuishi wilayani humo, hususani katika kambi ya Lukole, ambayo Simon Turner aliichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2010.

Kutokana na mazingira hayo, mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Jina lake lina maana ya tumaini katika Kirundi na Kinyarwanda, na matangazo yake yaliwalenga wakimbizi pamoja na wenyeji. Kwa mintarafu ya insha hii, jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka ambao Dar es Salaam ilikuwa ikizoea televisheni, Ngara ilipata redio yake. Si sahihi, kwa hiyo, kusema kwamba wilaya hiyo ilikuwa nje ya historia ya utangazaji. Ilikuwa ndani yake kwa chombo kingine, kwa lugha zaidi ya moja, na kwa sababu zilizotokana na mpaka.

4.0 Januari 2014: msimu wa kwanza

Ubongo, asasi ya kutengeneza vipindi vya elimu-burudani, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 2013 na waasisi watano: Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Cleng'a Ng'atigwa, Arnold Minde na Tom Ng'atigwa. Kipindi chake cha kwanza, Ubongo Kids, kilianza kurushwa na TBC1 Januari 2014. Kilikuwa katuni yenye nyimbo, vichekesho na hadithi, ambamo watoto na marafiki zao wanyama hukumbana na tatizo la maisha ya kawaida na kulitatua kwa hisabati au sayansi. Mwezi wa kuanza kwake uliwiana na mwanzo wa mwaka wa masomo, hivyo msimu wa televisheni na mwaka wa shule vilianza pamoja.

Mambo matatu yalikitofautisha kipindi hicho na katuni za kigeni zilizokuwa zimejaza saa za watoto. La kwanza ni lugha: kilitungwa kwa Kiswahili, hakikutafsiriwa. La pili ni mazingira: nyumba, sokoni na shambani ni pa Afrika Mashariki, na chakula cha wahusika ni chakula ambacho mtazamaji anakifahamu. La tatu ni njia ya kushiriki: mtoto aliweza kujibu maswali ya kipindi kwa ujumbe mfupi wa simu, akapata mrejesho kupitia simu ya kawaida isiyo na intaneti.

Jambo la tatu linahitaji kutafakariwa. Watengenezaji walitambua kwamba simu ilikuwa imefika mahali ambapo vyombo vingine havijafika, wakaunganisha kipindi na chombo hicho. Lakini ujumbe mfupi hujibu swali lililoonekana kwenye skrini. Katika kaya yenye simu na isiyo na televisheni, njia ya kujibu ilitangulia njia ya kuulizwa. Hali hiyo inaonesha vizuri jinsi teknolojia zinavyofika pembezoni bila kufuata mpangilio uliokusudiwa na mbunifu: nusu ya pili ya mazungumzo hufika kabla ya nusu ya kwanza.

Kipindi cha pili cha asasi hiyo, Akili and Me, kililenga watoto wa umri wa chini zaidi, nacho kiko karibu zaidi na katuni ya familia. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na kila anapolala huingia katika nchi ya ndoto anakojifunza herufi, namba na hisia pamoja na marafiki zake wanyama. Kama ilivyo kwa Bart, Akili hakui. Kila mtoto anayefika kwenye kipindi hicho, awe wa mwaka wowote, humkuta akiwa na umri uleule.

5.0 Njia ya umeme

Ili picha ya TBC1 ifike kwenye nyumba ya Ngara au Biharamulo mwaka 2014, vitu vitatu vilihitajika kwa wakati mmoja: mawimbi, king'amuzi na nishati. Kila kimoja kilikuwa na kalenda yake.

Kuhusu mawimbi na ving'amuzi, Tanzania ilikuwa katikati ya mabadiliko makubwa. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu katika miaka ya 2013 na 2014. Msimu wa kwanza wa Ubongo Kids ulianza, kwa hiyo, wakati nchi ilikuwa inahama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Kaya iliyokuwa na televisheni ilipaswa kununua king'amuzi ili iendelee kuwa hadhira. Minara ya mfumo wa dijitali ilitangulia miji mikubwa. Kwa vijiji vilivyo mbali na minara hiyo, dishi la setilaiti ndilo lililobaki kuwa njia ya uhakika, na ushindani wa soko hilo uliongezeka Azam TV ilipoanza Desemba 2013, mwezi mmoja kabla ya msimu unaojadiliwa. Ingawa TBC1 ni chombo cha umma, gharama ya kuipokea ilikuwa ya binafsi.

Nishati ilikuwa na mwendo wa polepole zaidi. Ngara na Biharamulo hazikuwa zimeunganishwa na gridi ya taifa. Miji yake mikuu ilitegemea mitambo ya dizeli, na hata uboreshaji uliofanywa katika nusu ya kwanza ya muongo wa 2010 kupitia mradi wa ORIO, uliopata ruzuku ya Serikali ya Uholanzi na kuhusisha miji ya Biharamulo, Ngara na Mpanda, ulikuwa wa mitambo ya aina hiyohiyo. Umeme wa dizeli huishia mahali waya unapoishia, na gharama ya mafuta yanayosafirishwa kwa lori hupunguza hamu ya kuurefusha waya huo. Nje ya miji, kaya zilitegemea paneli ndogo za jua, betri, au hazikuwa na umeme kabisa. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ulipanua usambazaji kwa awamu, lakini kila awamu ilikuwa na orodha yake ya vijiji, na kila kijiji kilichokosa kuorodheshwa kilisubiri awamu nyingine.

Hapa ndipo msimu wa kilimo unapokutana na msimu wa televisheni. Kipato cha kaya ya mkulima hakiji kila mwezi. Huja baada ya mavuno ya maharage au mauzo ya kahawa. Ununuzi wa betri, paneli, king'amuzi au kifurushi hufuata kalenda hiyo. Mtoto wa nyumba kama hiyo anaweza kuwa mtazamaji kwa miezi mitatu na kuacha kuwa mtazamaji kwa miezi mitano, bila kipindi chenyewe kubadilika. Anaweza pia kutazama kwa jirani, dukani au kwenye kibanda cha video, ambako mwenye kibanda ndiye anayechagua, na mpira wa miguu huleta wateja wengi kuliko hisabati. Takwimu zinazouliza iwapo kaya inamiliki televisheni haziwezi kuonesha kuingia na kutoka huko.

Mabadiliko makubwa yalitokea palepale Rusumo. Mradi wa umeme wa maporomoko hayo, wenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kwa usawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, uliidhinishiwa fedha na Benki ya Dunia mwaka 2013 na kuanza kuzalisha umeme mwaka 2023. Kwa upande wa Tanzania, njia yake ya msongo mkubwa inaelekea Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mahali palipojulikana duniani mwaka 1994 kwa msafara wa wakimbizi pakawa chanzo cha nishati kwa nchi tatu. Kati ya idhini ya fedha na umeme wa kwanza ilipita miaka kumi, na msimu wa kwanza wa Ubongo Kids ulianguka karibu na mwanzo wa miaka hiyo.

6.0 Lugha ya nyumbani na lugha ya skrini

Ucheleweshaji wa aina nyingine ulikuwa wa lugha. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi na ni lugha ya taifa. Katuni iliyotungwa kwa lugha hiyo ilikuwa hatua kubwa ikilinganishwa na katuni za Kiingereza. Hata hivyo, watoto wengi wa Ngara husikia kwanza Kihangaza au Kishubi, na wale wa Biharamulo husikia Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Mtoto wa miaka minne, ambaye ndiye mlengwa wa Akili and Me, yuko kwenye umri ambao Kiswahili cha shule bado hakijamfika kikamilifu. Kwake, kipindi kilichotungwa katika lugha ya taifa ni kipindi cha lugha ya pili.

Mpaka unalifanya jambo hili kuwa la kuvutia. Kihangaza kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda kiasi cha wazungumzaji kuelewana. Vipindi vya Ubongo baadaye vilitolewa kwa lugha kadhaa za Afrika, Kinyarwanda kikiwamo. Inafuata kwamba toleo lililoandaliwa kwa ajili ya watoto wa nchi jirani liko karibu zaidi na lugha ya nyumbani ya mtoto wa Ngara kuliko toleo lililoandaliwa kwa ajili ya nchi yake. Radio Kwizera ilikuwa imelitambua jambo hilo tangu 1995, ilipochanganya lugha katika matangazo yake. Mpaka wa taifa, ambao katika mipango ya utangazaji huchukuliwa kuwa mwisho wa hadhira, katika usikilizaji wa kila siku unapita katikati ya hadhira moja.

7.0 Mjadala: je, tafiti za matokeo hazitoshi?

Yaweza kudaiwa kwamba suala la hadhira limekwisha kujibiwa na tafiti za elimu. Dina Borzekowski, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, alionesha kwamba watoto wa Morogoro waliotazama Akili and Me walipata mafanikio katika stadi za awali wakilinganishwa na wenzao waliotazama kipindi kingine. Joe Watson na wenzake, mwaka 2021, walitumia data za Uwezo zinazohusu watoto 38,682 na kubaini uhusiano kati ya kutazama Ubongo Kids na uwezo wa hisabati, hata baada ya kuzingatia umri, jinsia, uandikishaji shuleni, kiwango cha Kiswahili, elimu ya mama na uwezo wa kiuchumi wa kaya.

Tafiti hizo ni muhimu, na matokeo yake yanaipa insha hii uzito badala ya kuipinga. Kama katuni hizo zisingekuwa na faida, kuchelewa kwake kusingekuwa na gharama. Ila swali la mtafiti wa elimu na swali la mwanahistoria ni tofauti. Mtafiti wa elimu huuliza: mtoto aliyetazama anamzidi nini asiyetazama? Ili ajibu, humtenga mtoto na mazingira ya kaya yake kwa njia za kitakwimu, na huona utajiri wa kaya na lugha kuwa vizuizi vya kuondolewa katika hesabu. Mwanahistoria huuliza: kwa nini huyu alitazama mwaka 2014 na yule hakutazama? Kwake, vitu vilivyoondolewa katika hesabu ndivyo kiini cha simulizi.

Mfano wa Dodoma unasaidia kuifafanua hoja hii. Katika Twende na Wakati, eneo la ulinganisho lilikuwa na jina, mipaka na tarehe ya mwisho. Ngara na Biharamulo, kwa upande wa katuni, zilikuwa kama eneo la ulinganisho ambalo hakuna aliyelichagua. Kutoona kwao hakukuwa sehemu ya mpango wa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hakukuwa na mtu aliyepangiwa kukukomesha. Tofauti hii ina maana kimaadili na kimbinu. Dodoma ilichelewa kwa miaka miwili, na historia inaweza kuitaja miaka hiyo. Kuchelewa kusikoandikwa huonekana baadaye kama hali ya asili ya mahali, kana kwamba pembezoni hupaswa kuchelewa.

Hoja nyingine pinzani ni kwamba ucheleweshaji huo ulipunguzwa na njia nyingine. Hoja hii ina ukweli. Shule zilipofungwa nchini kuanzia Machi 2020 kutokana na UVIKO-19, hadi shule za msingi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni mwaka huo, vipindi vya elimu vya televisheni na redio vilipata umuhimu usio wa kawaida, na Ubongo iliruhusu vituo vya utangazaji barani Afrika kutumia vipindi vyake bila malipo, yakiwamo matoleo ya redio. Kwa wilaya zenye utamaduni mrefu wa redio, toleo la sauti ni njia fupi kuliko kusubiri waya. Lakini katuni iliyoondolewa picha ni kazi nyingine. Hisabati ya mchoro, ambamo mtoto huona machungwa kumi yakigawanywa mafungu mawili, hugeuka kuwa maelezo ya mdomo. Njia ya mkato ilifikisha kipindi, na ikakibadilisha.

8.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia msimu mmoja wa katuni kutoka studio za Dar es Salaam hadi kwenye wilaya mbili za mpakani. Imebainika kwamba Januari 2014 ni tarehe sahihi ya kurushwa na ni tarehe dhaifu ya kupokelewa. Katika Ngara na Biharamulo msimu huo haukuwa na mwanzo mmoja: ulianza katika kaya moja dishi lilipofungwa, katika nyingine mavuno yalipouzwa, katika nyingine waya ulipofika, na katika nyingine kwa sauti bila picha. Kwa sababu hiyo, historia ya televisheni inayopangwa kwa miaka ya vituo na misimu ya vipindi inahitaji kuongezewa mhimili wa pili, yaani miaka ya kupokea, inayotafutwa katika kumbukumbu za umeme, barabara, lugha na bei za mazao.

Matokeo haya yana upande wa faraja. Kwa kuwa katuni haizeeki, kipindi cha mwaka 2014 kinaweza kumfundisha mtoto wa mwaka 2024 hesabu zilezile kwa nyimbo zilezile, na hakuna kilichopotea katika kipindi chenyewe. Watungaji wa mipango ya elimu wanaweza kuitumia sifa hiyo kwa kurudia misimu ya zamani pale ambapo umeme umefika karibuni, badala ya kuwekeza katika misimu mipya pekee.

Upande wa pili hauna faraja hiyo. Mtoto wa Ngara aliyekuwa na miaka saba msimu wa kwanza ulipoanza alikuwa na miaka kumi na sita mwaka umeme wa Rusumo ulipoanza kuzalishwa. Kipindi kilimsubiri bila kubadilika. Yeye alikuwa amekwisha kumaliza shule ya msingi. Akili angali na miaka minne, na watoto wanaokuja watamkuta. Waliokwisha kupita umri wake kabla ya kumwona hawaonekani katika ratiba ya kituo, wala katika idadi ya watazamaji, wala katika tafiti za waliofaidika. Kuwaandika ni kazi ya historia ya hadhira, na wilaya za mpakani ndizo mahali pazuri pa kuianzia.